Meza ya Fundi Bunduki: Shemeji ataniletea mashine ya kujaza risasi

Shikamoo Mzee. Nina miaka 41, naishi Tabata. Nina bunduki moja ya kuwindia, ya kipimo cha .30-06, niliyorithi kihalali kwa marehemu baba, na leseni yangu iko hai. Porini naenda mara moja au mbili kwa mwaka. Shida yangu ni risasi. Ni ghali, halafu kila nikienda dukani nakuta chapa nyingine na uzito mwingine, basi kila pakiti inapiga mahali pake. Shemeji yangu anaishi Pretoria na anajaza risasi zake mwenyewe, yaani anatumia tena maganda yaliyokwisha kupigwa, gereji kwake. Nilipomtembelea Julai nilimwona akimaliza ishirini kwa jioni moja, na kesho yake zote zikaingia kwenye duara la ukubwa wa kisahani cha chai kwa mita mia. Desemba anakuja. Ameahidi kuniletea mashine yake ya zamani, kopo moja la baruti na fataki mia, vile vikopo vidogo vya kuwashia baruti, kwenye begi. Nianzeje?
Msomaji, Tabata

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla hatujafika kwenye mashine nakuomba umpigie shemeji simu leo. Mwambie baruti na fataki zisipande ndege. Risasi kamili za uwindaji ndege hubeba, kwa kibali cha shirika lenyewe, zikiwa zimefungwa ipasavyo kwenye mzigo wa chini, na zisizidi kilo 5 kwa abiria. Baruti ya kopo na fataki za pakiti haziruhusiwi kabisa, si mkononi wala chini. Wengi hudhani kwamba kama kitu kizima kinaruhusiwa, vipande vyake vinaruhusiwa zaidi. Sivyo. Risasi ikiwaka nje ya bunduki, ganda hupasuka na nguvu kubwa huishia palepale. Fataki mia zilizolundikwa pamoja, ikilipuka moja huweza kuwasha jirani zake.

La pili ni sheria ya kwetu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka utengenezaji wa risasi chini ya leseni yake, na leseni yako ya kumiliki bunduki siyo hiyo. Kujaza ganda mezani ni kutengeneza risasi, hata zikiwa tano, hata zikiwa za bunduki yako mwenyewe. Shemeji yako kule yuko ndani ya sheria ya kwao ya mwaka 2000, ambayo inamruhusu mwenye leseni ya bunduki kujaza risasi za bunduki hiyo, na imemwekea mpaka: mmiliki wa kawaida asiwe na fataki zaidi ya 2,400. Ruhusa hiyo inaishia mpakani kwao. Kwa hiyo mwanangu, Tabata usianze. Kama moyo unakusukuma, andika barua kwa polisi wanaosimamia leseni yako, uulize, usubiri jibu la maandishi, na mashine isubiri Pretoria.

Lakini sikuachi hapo, maana utarudi tena kwa shemeji, na mtu anayekaa kwenye meza ile lazima ajue anachokitazama.

Mimi kazi hii nilifundishwa mwaka 1996, shambani kaskazini mwa Afrika Kusini. Kampuni niliyokuwa naitunzia bunduki katika vitalu vya Selous ilinipeleka miezi minne. Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kiafrikana asiyependa maneno. Wiki ya kwanza nzima hakunipa baruti hata punje. Alinipa ndoo ya maganda yaliyokwisha kupigwa na akaniambia niyasome.

Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kati ya hivyo, ganda ndilo peke yake linalotumika tena. Vitatu vingine huisha kazi kwa mlio mmoja. Ganda ni shaba nyeupe, sehemu 70 shaba na 30 zinki, na kazi yake kubwa ni kuvimba likaziba chemba, pale nyuma ya mtutu linapokaa, ili moto usirudi usoni kwako, kisha linywee kidogo ili liweze kutoka. Katika .30-06 mgandamizo wa juu unaokubalika ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Fundi pancha wako pale Tabata akijaza tairi la gari dogo huweka kama 30. Basi shavu lako hukaa karibu na kitu chenye mgandamizo mara elfu mbili ya tairi, na kinachokukinga ni bolti, lile komeo la chuma nyuma ya chemba, na ganda ambalo wewe mwenyewe umelipitisha. Ndiyo maana mzee yule alinipa ndoo.

Nilichokuwa natafuta ndani ya ile ndoo ni hiki. Ganda likipigwa hurefuka kwenda mbele, na shaba ya kurefukia hutoka sehemu ya chini, juu kidogo ya kitako. Likipigwa na kujazwa mara nyingi, pale hukonda. Kwa nje utaona mstari mwembamba unaong'aa umezunguka ganda kama pete. Wakati mwingine kwa nje huoni kitu. Hapo unachukua waya mwembamba, spoku ya baiskeli iliyonolewa inatosha, unaipinda ncha kama ndoana ndogo, unaiingiza mdomoni mwa ganda na kuiburuta ukutani kutoka chini kwenda juu. Pakiwa pazima ncha inateleza. Pakiwa pamekonda ncha inanasa, inashuka kama kwenye mfereji, kisha inapanda. Ganda hilo ponda kwa koleo usije ukalirudia kwa bahati mbaya. Siku ya tatu nilinasa ganda ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipita, akaitikia kwa kichwa tu, na siku ile nilijiona fundi.

Tazama pia tundu la ndani chini. Maganda ya fataki aina ya Boxer yana tundu moja katikati, na sindano ya mashine husukuma fataki iliyokufa ikatoka. Ya aina ya Berdan yana matundu mawili pembeni. Sindano ikishuka inagonga kitako cha ganda na kuvunjika. Maganda mengi ya zamani ya kijeshi ni ya aina hiyo, na kwa anayeanza si ya kushughulika nayo.

Kazi yenyewe inakwenda kwa mpangilio usiorukwa. Ganda linasafishwa, linapakwa mafuta kidogo sana, linasukumwa ndani ya dai, yaani kalibu ya chuma, ili lirudie kimo chake na fataki iliyokufa itoke. Linapimwa urefu, kwa .30-06 mwisho ni milimita 63.3, likizidi linakatwa na kingo zake kulainishwa. Fataki mpya inabanwa mpaka iwe chini kidogo ya usawa wa kitako, unapapasa kwa ncha ya kidole, kila moja. Baruti inapimwa kwa mizani. Kichwa kinakalishwa kwa kina kilichoandikwa. Unapima tena, unaandika. Mafuta yakizidi yanabonyeza bega la ganda. Yakipungua, ganda linang'ang'ania ndani ya dai na jioni yako imeisha.

Baruti ndipo pa kukaa kimya. Kipimo chake ni greni, na greni moja ni kama gramu 0.065, mizani ya jikoni haina maana hapa. Vipimo vinachukuliwa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyohiyo, kwa kichwa cha uzito huohuo, na unaanzia chini ya kitabu, si juu. Usichukue kipimo kutoka kwenye simu ya mtu. Majina ya baruti yanafanana kwa namna ya kutisha: kule utakuta S335 na S365, zote za Somchem, kopo kwa kopo, na ya kwanza inawaka haraka kuliko ya pili. Kipimo cha moja ukikitumia kwa nyingine, kitabu hakipo tena. Kwa hiyo mezani panakaa kopo moja tu. Ukimaliza, baruti iliyobaki kwenye kipimio inarudi koponi mwake kabla hujainuka.

Sasa nikueleze kosa langu. Wiki ya sita nilikuwa nimeaminiwa kujaza peke yangu. Nikaitwa chai nikiwa katikati ya trei ya maganda hamsini. Nikarudi, nikaendelea kukalisha vichwa pale nilipodhani nimeachia. Kesho yake kwenye shabaha, risasi ya nane au ya tisa, nikafyatua na bunduki ikatoa sauti ndogo, "tap", kama mtu aliyegonga dirisha kwa kucha. Haikupiga teke. Mkono wangu ukaenda kwenye bolti kwa mazoea, kutoa ganda na kuingiza nyingine. Mzee akanishika kiwiko, na hajawahi kunigusa kabla ya siku hiyo. Tukatoa bolti, akapitisha ufito mdomoni mwa mtutu, ukasimama. Ganda lile halikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa kikakwama ndani, kama urefu wa kidole gumba kutoka kwenye chemba. Ningepiga ya pili, mtutu ungefunguka karibu na mkono wangu wa kushoto.

Tangu siku hiyo, kabla ya kichwa chochote kukalishwa, nainua tochi juu ya trei na kutazama maganda yote hamsini kwa mpigo. Kimo cha baruti lazima kilingane. Moja likiwa na giza zaidi, au limejaa zaidi, jicho linaliona mara moja kuliko ukiyatazama mojamoja. Na nikiitwa chai namaliza trei, au naimwaga yote nianze upya. Shemeji yako mwambie akuonyeshe tochi yake. Kama hana, mfundishe wewe.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Pretoria anaweza asilione, nalo ni joto. Mwaka mmoja mwezi wa kumi tulipokea mgeni kutoka Texas na bunduki yake ya .375, risasi amejaza mwenyewe majira ya baridi kwao, kali, karibu na mwisho wa kitabu. Kwao zilipiga vizuri sana. Kwetu zilishinda kwenye dashibodi ya Land Cruiser tangu asubuhi. Mchana akampiga nyati, akampata lakini pabaya, na bolti ikagoma kuinuka. Joto lilikuwa limeongeza kasi ya baruti kuungua, mgandamizo ukapanda, ganda likang'ang'ania chemba. Nikampokonya bunduki nikapiga mpini wa bolti kwa kiganja mpaka ngozi ikachanika. Mwindaji bingwa wetu ndiye aliyemaliza kazi, nyati akiwa anageuka kutuelekea. Fataki ya ganda lile ilikuwa imebapa kama senti iliyopitiwa na treni. Waingereza waliotengeneza .375 mwaka 1912 walilifanya ganda lake refu na lenye kuchongoka taratibu, na umbo hilo husaidia kutoka kirahisi kwenye joto. Mgeni wetu alikuwa ameutumia msaada huo wote hadi ukaisha. Risasi iliyopimwa kwenye baridi ya nyanda za juu za Pretoria siyo iliyopimwa kwa Februari ya Dar es Salaam.

Na hata kama sheria ingekuruhusu kesho, fikiria chumba chenyewe. Mizani ya baruti inayumba kwa upepo wa feni. Zima feni Tabata mwezi wa pili, jasho linadondoka kwenye trei. Umeme unakatika na mizani ya umeme inaporudi inahitaji kusawazishwa upya. Watoto wanaingia na kutoka, na fataki zina madini ya ledi yenye sumu yanayobaki vidoleni. Mtu hali chakula kwenye meza ile, na ananawa kabla ya kumshika mtoto. Sisemi haya kukutisha. Hesabu yake pia haikai: vyombo vinarudisha gharama kwa mtu anayepiga mamia kwa mwaka, na wewe kwa safari zako mbili sidhani kama unavuka arobaini.

Sasa turudi kwenye kilichokuuma. Ulisema kila pakiti inapiga mahali pake. Ulichokipenda kwa shemeji, mwanangu, ni kwamba risasi zake zinafanana. Kufanana unaweza kukupata bila mashine. Pakiti ya risasi ina namba ya toleo, mara nyingi imepigwa muhuri ndani ya kifuniko. Chagua chapa moja na uzito mmoja, kwa swala na kongoni kichwa cha greni 180 kinatosha, kisha nunua pakiti mbili au tatu za namba moja ya toleo kwa mpigo. Leseni inapokubana, nunua pamoja na rafiki mwenye .30-06, kila mmoja kwa leseni yake, siku moja, toleo moja. Andika daftarini tarehe, toleo, ilipiga wapi, joto lilikuwaje. Pakiti moja ya kurekebishia darubini, zilizobaki za porini.

Halafu chunguza bunduki yenyewe kabla ya kulaumu risasi. Ya marehemu baba bila shaka ni ya mbao. Mbao hunywa maji masika, ikavimba na kusukuma mtutu. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ikunje mara moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikiwa Januari ilipita na Mei inakwama, umeshapata mwizi wako. Kaza skrubu za kitako kwa bisibisi inayolingana nazo, si ile ya jikoni. Ukiniandikia tena niambie noti ilikwama wapi.

Babu, nakusalimu. Mume wangu ana leseni, yeye yuko safarini miezi sita. Risasi zake ziko kwenye kasha la chuma lililofungwa, stoo, na stoo imepakana na banda langu la kuku wa mayai mia mbili. Juzi alinielekeza kwa simu nifungue kwa funguo nihesabu, nikakuta nyingine zimeota ukijani na mbili zina ufa shingoni. Nizisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba?
Mama wa Kigamboni

Usizisugue, mwanangu, na asante kwa kutaja kuku. Dawa nyingi za kung'arishia shaba zina amonia, na mbolea ya kuku nayo inatoa amonia usiku na mchana. Amonia ikikutana na shaba nyeupe iliyobanwa, ganda linapasuka lenyewe, hasa shingoni palipokamata kichwa. Jeshi la Waingereza lilipata msiba huu India: risasi zilizotunzwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka wakati wa mvua, na iliwachukua miaka mingi kujua kwamba chanzo ni mkojo wa farasi.

Zenye ufa na zenye ukijani ulioingia ndani zisipigwe. Usitupe jalalani, usifukie, na moto usikaribie. Mwambie mumeo apige simu kituo cha polisi kinachomjua kwa leseni yake, waeleze namna ya kuzikabidhi, maana ziko kwenye hesabu yake, na wewe usizibebe barabarani bila maelekezo yao. Nzima zibaki kasha lilelile lakini kasha lihame upande wa pili wa nyumba, chumba kikavu, na sanduku la kadibodi litolewe ndani yake, kwa sababu kadibodi inanywa unyevu wa bahari na kuushikilia. Weka vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, ubadilishe kila masika.

Mzee, kuna ubaya nikipaka risasi mafuta ya kuzuia kutu kabla ya kwenda Rufiji?
Mwindaji, Mbagala

Upo, na ni wa aina mbili. Mafuta mepesi yanapenya pembeni mwa fataki na kuiua, ukamfyatulia mnyama ukasikia mlio wa pini tu. Na ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba linapovimba, hivyo nguvu kubwa zaidi inairudia bolti. Futa risasi kwa kitambaa kikavu, na chemba pia ifute ikauke kabla ya kupakia. Mafuta yapake mtutu kwa nje na vyuma vya nje. Ukifika kambini jioni, zile zilizoshinda kwenye mkanda wa ngozi zitoe. Ngozi iliyolainishwa kwa dawa huanza kuzitia ukijani ndani ya wiki chache.